Nilivyochagua GPS ya kupandia milima ya Kabambare, na watu walionifuata nyuma

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema.

Naandika niliyoyaona mwenyewe. Mahali nisipojua nitasema sijui. Shule yangu iliishia katikati ya sekondari, kwa hiyo kwenye mambo ya satelaiti mnivumilie.

Mwaka jana niliuliza humu jukwaani kuhusu GPS ya mkononi yenye ramani, ya kutembea nayo milimani. Mlinijibu vizuri sana. Mmoja akataka kujua kama napanda kwa mazoezi au kwa kuangalia mandhari. Sikumjibu.

Namjibu leo. Nilikuwa natafuta kaburi la mdogo wangu.

Amisi alikuwa mchimbaji wa dhahabu Salamabila, huko Kabambare. Mapigano yalipoanza, wachimbaji wakakimbilia milimani, upande wa Wamaza. Njiani akashikwa na homa, akafia huko. Aliyemzika ni mwenzake Shabani, pamoja na watu wengine waliokuwa na haraka ya kuendelea kukimbia.

Simu ya Shabani ilikuwa na kile kitu cha kuhifadhi mahali ulipo. Akahifadhi. Leo anaishi Kalemie, na jina la Salamabila hataki hata kulisikia. Alinitumia namba mbili ndefu zenye nukta, akaandika: "Yaya, njo pale analala." Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na njo ni ndipo.

Sasa muelewe na mama yangu. Kwetu kilio hakifungwi mpaka mtu wa damu afike kaburini na kurudi na udongo kidogo. Bila huo udongo mama alibaki amefiwa jana, kila siku. Nywele hanyoi. Shamba la karanga haliendi. Wageni walishaacha kuja, yeye bado yuko kwenye mkeka wake, na kila asubuhi ananiuliza kama njia zimetulia.

Njia zikatulia. Mimi nikabaki na namba mbili na simu ya vitufe.

Kabla ya kununua nilisoma maoni ya wanunuzi kwenye simu ya shemeji yangu. Wakuu, kumbe kuna watu wanapanda mlima, wanafika juu, wanakula mkate, wanashuka. Hawakwenda kulima, hawakubeba mzigo, hawakukimbia mtu. Na wakirudi wanalalamika kwamba rangi za ramani hazikuwapendeza. Niliwaonea wivu kidogo, sifichi.

Nikaenda Kindu, kwenye duka la vitu vya umeme. Muuzaji akatoa mbili. Ya kwanza ilikuwa na skrini kubwa ya kugusa.

"Hii iko na karte ya dunia muzima," akaniambia, yaani ramani.

"Kabambare iko?"

"Papa, nimesema dunia muzima."

Tukatafuta. Dunia nzima ilikuwepo kweli. Kabambare ilikuwa rangi ya kijani tu, kama kitambaa ambacho fundi hajakigusa.

"Si unaona," akasema, "kuko pori. Na karte inaonyesha pori. Sasa unataka nini tena?"

Ya pili ilikuwa ndogo, ya vitufe, rangi ya njano. Majina ya vijiji vyetu haikuwa nayo pia, lakini ilikuwa na ile mistari ya mwinuko, inayobanana pale mlima unapokuwa mkali. Na ilitumia betri za tochi, zile zinazouzwa kwenye kila kibanda hadi Wamaza. Nikaichagua hiyo. Muuzaji akaisifia rangi: ukiiangusha porini utaiona kutoka mbali.

Hapo alisema kweli. Kila mtu aliiona kutoka mbali.

Nilichukua pikipiki kutoka Kasongo hadi Wamaza. Kutoka pale nikaanza kwa miguu, mashine mkononi, macho kwenye mshale. Mistari ilifanya kazi vizuri. Ilinizungusha nyuma ya mlima ambao peke yangu ningeukwea moja kwa moja na kujuta.

Kitu ambacho wanunuzi wa mtandaoni hawakukiandika ni hiki. Kwenye milima yetu, mtu anayetembea polepole, anatazama mashine, anasimama, anageuka, anatazama tena, si mtalii. Huyo anatafuta dhahabu.

Wa kwanza kunifuata alikuwa Kalonda, mchimbaji, kijana mwenye beleshi begani. Alinisalimia kwa heshima zote.

"Yaya, uko unatafuta nini huku?"

"Kaburi ya mudogo yangu."

"Ah, kaburi." Akawageukia wenzake waliokuwa nyuma. "Anasema kaburi!"

Wakacheka kama watu waliosikia hiyo mara nyingi. Mmoja akasema wa mwisho kupita na mashine alisema anatafuta nyuki.

"Mi nasema kweli," nikawaambia.

"Tunakuamini, yaya. Endelea tu. Siye tunakusindikiza."

Na wakanisindikiza. Kila bonde walikuwa wanaongezeka. Nikisimama kunywa maji, nao wanasimama.

"Yaya, mashini inasema nini?"

"Inasema bado."

"Bado sana?"

"Bado kidogo."

Neno "kidogo" likapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka kwa wa mwisho. Nikawasikia nyuma wanabishana nani atachimba upande gani. Kuna mmoja aliwagombeza, akisema fungu la mwenye mashine lisiguswe, tusiwe watu wabaya. Namshukuru.

Mshale ukafika mwisho wake kwenye bega la mlima, kati ya miti miwili. Udongo ulikuwa umebonyea. Juu yake kulikuwa na karai la kuoshea dhahabu, limegeuzwa kifudifudi, limetobolewa kitako. Shabani alikuwa ameniambia. Kwetu marehemu anawekewa chombo chake cha kazi juu ya kaburi, na kinatobolewa ili asikichukue mwingine.

Nikapiga magoti.

Nyuma yangu mtu akasema, "Karai! Mulisikia? Kumbe pamekwisha kuchimbwa!"

"Ni kaburi," nikasema.

"Yaya, shimo ya muzuri inafunikwaka kama kaburi. Siye si watoto."

Nikatoa kitambaa, nikaanza kuweka udongo. Sasa mjiweke mahali pao. Mtu amekuja na mashine ya njano, ameifuata mpaka kwenye karai, amepiga magoti, anafunga udongo kwenye kitambaa safi.

"Na ile udongo unaipeleka wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yako iko na labo ya kupima zahabu?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi. Kalonda hakucheka. Alishusha beleshi na kulichomeka pembeni ya kaburi. Nikasimama juu ya udongo, miguu miwili. Nikamwambia mtu amelala hapa.

"Kama ni mudogo yako," akasema, "mbona haulie?"

Mimi si mtu wa kulia kwa sauti, hata msibani sikulia. Nilitazama lile beleshi. Nilijua nikiondoka na udongo wangu, wao watabaki, na kabla ya jioni mdogo wangu atakuwa ametolewa.

Nikatoa simu. Kwetu mtandao unapatikana juu ya milima kuliko mjini, ndivyo ilivyo. Nikampigia mama, nikafungua spika.

"Mama, nimefika."

Akaanza kuomboleza. "Amisi eee! Mwana wangu eee! Nani anakufunika huko? Ni nani anakupashia maji? Uliniacha na nani, Amisi eee!" Ikaendelea. Majirani wakamsikia, nao wakaitikia, simu ikajaa sauti za wanawake.

Hakuna aliyecheka tena. Aliyeuliza habari za labo alivua kofia. Kalonda alichomoa beleshi, akasimama nalo kama hajui la kulifanyia. Kisha akaanza kuchota udongo wa pembeni na kuupandisha pale palipobonyea. Wenzake wakaweka mawe. Hakuna aliyewaambia. Mimi machozi yalinitoka wakati huo, ambapo hayakuwa na kazi tena.

Kalonda akainama kwenye simu. "Pole, mama."

"Wewe ni nani?"

"Niko Kalonda, mama. Siye... tulimusindikiza yaya."

"Mungu awabariki, watoto wangu. Mulimusindikiza mwanangu mpaka kule!"

Mpaka leo sijamsahihisha. Na si uongo, walinisindikiza.

Basi, funzo nililopata. Kwa milima chagua yenye betri za tochi na mistari ya mwinuko. Dunia nzima acha. Lakini kabla hujanunua, uliza kwanza kule unakokwenda watu wanamdhania nini mtu anayetembea na kitu kama hicho.

Mama amenyoa. Amerudi kwenye karanga zake. Juzi aliishika ile mashine, akaigeuza, akaniuliza kama inaweza kumwonyesha na baba, aliyepotea kwenye vita vya zamani tukiwa wadogo. Nikamwambia inahitaji namba.

Akaniuliza namba zinaombwa kwa nani.

Swali hilo nawaletea ninyi, wakuu. Mwenye kujua aandike hapo chini.