Nilimwambia binti yangu aazime lafudhi yangu pale emergency

Wakuu, salamu kutoka Hyattsville, Maryland. Chai imepoa nikitafuta pa kuanzia, kwa hiyo naanza na aibu yenyewe. Sijatia chumvi. Natamani ingekuwa chumvi.

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ni Mweusi.

Msicheke. Kioo ninacho, na rangi yangu haihitaji mjadala. Nasema Mweusi kwa maana ya huku: yule anayefuatwa na mlinzi dukani, anayeulizwa kwenye lifti kama kweli anaishi jengo hilo. Nilijiambia hayo ni mambo ya Wamarekani Weusi na Wazungu wao. Mimi ni Mtanzania, mtoto wa Dodoma, nina digrii mbili, na nilikuja hapa kwa ndege, na tiketi yangu mkononi.

Ushahidi wangu ulikuwa lafudhi.

Niligundua mapema kwamba nikinyamaza, mlinzi ananifuata. Nikifungua mdomo, anatabasamu: "Wow, unatoka wapi? I love your accent!"

Basi nikaitunza lafudhi ile kama ua la ndani. Ilipoanza kufifia, nikaimwagilia. Rafiki yangu Mama Njeri, Mkenya anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa akinicheka: "Wewe ukiongea na mzungu unageuka waziri wa mambo ya nje. Mbona mimi hunisalimii hivyo?"

Tatizo likawa binti yangu. Neema alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha mtaani kwetu, cha watoto Weusi aliosoma nao.

Akiwa na miaka kumi na sita tuliingia duka moja la nguo kule Arlington, karibu na ofisini kwangu. Mlinzi akamwandama rafu hadi rafu. Nikamwendea na lafudhi yangu yote, R zikivingirika, nikamweleza kwamba huyu ni binti yangu. Akaomba radhi. Akaniita ma'am.

Kwenye gari nilikuwa nimevimba kwa ushindi.

"Umeona? Ni kujua kuongea tu."

"He apologized to you, Mom. Not to me."

"Basi na wewe jifunze."

"I'm from here."

"Ndiyo tatizo lako," nikamwambia, nikawasha redio.

Wakuu, hilo nililisema mimi. Mama mzazi.

Sasa turuke miaka. Neema amekuwa mtu mzima, amepanga Woodbridge, Virginia, anafanya kazi kwenye ghala. Mwaka jana, siku moja mchana, akanipigia simu akiwa emergency, kitengo cha dharura cha hospitali ya huko kwake. Tumbo lilikuwa linamkata tangu alfajiri. Nesi wa mapokezi alikuwa ameshamuuliza mara mbili ametumia dawa gani za kulevya, kisha akamwambia kwamba anayeweza kuongea anaweza kusubiri. Waliofika nyuma yake walikuwa wanaitwa, wanaingia.

Nikatoka ofisini mbio hadi kwenye gari, simu nikaiacha wazi. Barabara kuu ya I-95 ilikuwa imesimama kwa foleni, kama kawaida yake.

Somo naliweka hapahapa, kabla ya mwisho, kwa sababu baada ya simu ile sina la kuongeza.

Neema yuko hai. Kidole tumbo kilipasukia kwenye kiti cha kusubiri, ndipo wakamkimbiza upasuaji. Ana kovu refu kuliko kiganja changu. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nilidhani kuna daraja la Weusi wanaotendewa vizuri, na kwamba tiketi yake ninayo. Hakuna daraja. Kuna kusubiri tu, na wengine wetu tulikuwa tunasubiri huku tunatabasamu.

Mlio na watoto huku, mnawaambia nini? Niandikieni hapo chini. Hata matusi nitasoma. Mimi jibu sina, nilikuwa nalo moja tu.

Simu yenyewe ilikwenda hivi.

"Mom, they don't believe me."

Nikamwambia jambo ambalo kwa digrii zangu mbili niliona ni akili: "Ongea kama mimi. Rudi pale mapokezi, waambie unatoka Tanzania."

Nilijua ananichukia kwa sekunde ile, na nilijua atanitii, kwa sababu maumivu yalikuwa yameshamshinda. Nikamsikia akivuta pumzi, akiinuka, viatu vikiburuzika sakafuni.

Kisha nikaisikia sauti yangu. Yangu kabisa, R zikivingirika, adabu imefurika, ikitoka kinywani mwa mtoto niliyemwambia kwamba kuwa wa hapa ndiyo tatizo lake.

"Excuse me, madam. Please. I am from Tanzania. I have too much pain."

Nesi mwingine, aliyeshika zamu, akachangamka. Akamjibu kwa upole, upole uleule niliouzoea madukani: "Oh, Africa! I love your accent! Wanawake wa kwenu ni imara sana, honey. Hii utaivumilia. Nenda kakae."

Viatu vikaburuzika tena. Mbele yangu magari hayakusogea hata hatua.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, ambacho hajawahi kunijibu nacho tangu aanze shule, taratibu, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Mama, nimerudi kukaa."