Nilichokiona Nilipomwosha Moza

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka sabini na sita, Mzanzibari, mjane, naishi Ladywood, hapa Birmingham. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana nikimpa mjukuu aniandikie, habari itafika mtaa wa pili, Hockley, chai haijapoa. Watakaonicheka wanicheke, ila wakimaliza wanisaidie.

Miaka ya sabini mwanzoni waume zetu walikuwa wakifanya kazi kiwandani kule Longbridge. Kiwanda kikifungwa likizo ya kiangazi, familia tatu tulikodi karavani, vile vijumba vya magurudumu, ufukweni Wales, zimepangwa mstari mmoja. Wenyewe tukisema tunakwenda shamba. Tulianika kanga baina ya karavani moja na nyingine, tukapika samaki wa nazi, nazi yenyewe ya kipande tuliyonunua kwa Wahindi. Wanaume wakipiga dhumna, sisi tukicheza karata mpaka mvua itufukuze. Majirani Wazungu walikuja kuuliza harufu ile ni ya nini, wakaondoka na sahani. Tangu nitoke kwetu, pale ndipo mahali pekee nilipocheka kwa sauti.

Moza ndiye aliyekuwa mdogo wetu, mama wa mtoto mmoja mchanga, Salma. Mumewe nitamwita Shaaban, maana bado yu hai; na majina mengine humu nimeyabadilisha vilevile. Mpole huyo! Ndiye aliyekuwa akitusalisha pale nje kwenye majani. Kila mwaka alitaka karavani ya mwisho, ile ya pembeni iliyoingia kwenye miti, akisema anapenda utulivu. Na Moza, jua liwake vipi, hakuvua sweta. Tulimtania mno.

"Shoga, sweta hilo umezaliwa nalo?"

Alikuwa akicheka tu, huku akivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole.

Asubuhi moja Shaaban akatugongea mlango, analia kama mtoto. Moza kateleza kwenye ngazi ya karavani, imelowa mvua, kaangukia kichwa. Walikuja polisi, akaja daktari, ikaandikwa ajali. Mimi sikumwona akianguka, na nisichokiona sitakisema. Nitasema nilichokiona.

Zama hizo hapa Birmingham hatukuwa na waosha maiti wa kwetu. Bi Zuhura, mkubwa wetu, ndiye aliyekuwa akijua, akanichukua nimsaidie. Tulipewa chumba cha nyuma kwenye duka la majeneza, kina baridi ya kung'ata. Tulipomfunua Moza, mkononi palikuwa na alama za vidole, buluu. Hizo labda ningesema mtu alijaribu kumdaka. Lakini mbavuni, mapajani, kila nguo inapofunika, palikuwa na nyingine za zamani, zimeshageuka manjano. Moja ilikuwa na umbo la chuma cha mkanda. Daktari kama aliziona, hakusema.

Nikalishusha kopo.

"Bi Zuhura, unaona?"

"Mwosha hana macho, mwanangu. Mimina maji."

"Lakini huyu kapigwa!"

"Anayemsitiri maiti naye husitiriwa. Ukitoka humu ukasema, umemvua Moza nguo mbele za watu. Mimina."

Nikamimina. Tukamvika sanda, tukatoka, tukamkuta Shaaban anapokea mikono ya rambirambi. Nami nikampa wangu. Mwaka uliofuata hatukwenda shamba, wala mwaka mwingine wowote. Bi Zuhura alifariki na siri yake moyoni, na mimi ndiye niliyemwosha.

Sasa juzi kaja Salma. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kalelewa na shangazi yake, ana moyo wa dhahabu. Baba yake hatoki kitandani. Anamlisha kwa kijiko, anambadilisha nguo, halalamiki. Na watu mpaka leo wanamsifu Shaaban kwamba alimpenda mkewe hata hakuoa tena.

Salma akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili. "Aunty, Baba anataka azikwe pembeni ya Mama. There's a space. Watu wa makaburini wanataka jibu. Umebaki wewe tu uliyemjua Mama. Would she want that? Walipendana?"

Chai ikanipalia. Nilikohoa mpaka akaja kunipiga mgongoni, mtoto wa watu. Nikamwambia aje Ijumaa, nitamjibu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikisema, nimemvunja moyo mtoto anayemfuta baba yake udenda, tena nimetoa siri ya maiti. Nikinyamaza, Moza anakwenda kulazwa ubavuni mwa mtu aliyekuwa akimfanya ajifiche ndani ya sweta, na safari hii hakuna likizo itakayokwisha. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: miaka yote hii nilidhani namsitiri Moza. Sasa najiuliza kama si Shaaban niliyekuwa nikimsitiri.

Wazee walisema mwosha huoshwa. Zamu yangu haiko mbali, na aliyeniahidi kwamba ndiye atakayeniosha ni huyo huyo Salma.

Nishaurini, jamani. Ijumaa akikaa tena kwenye kiti kile akaniuliza kama walipendana, nimjibu nini?