Mafiga ya Mama na Mafiga ya Igoki

Jiwe la mtoni likipata moto hutoa harufu ambayo si watu wengi wanaoijua. Inafanana na harufu ya vumbi mvua inapoanza kudondoka, ila ina ukali kidogo ndani yake, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mwaka jana wajukuu wangu walinichukua kwenda kuchoma nyama kando ya kijito, si mbali na Kiirua. Wakaokota mawe majini, wakayapanga, wakawasha kuni. Harufu ile ilipopanda nilijikuta nimesimama na kurudi nyuma kabla sijajua kwa nini. Wakanicheka. Niliwaambia wayaondoe mawe yale upesi, na walipotaka kujua sababu, nikawasimulia haya ninayokusimulia wewe sasa.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakoloni walikuwa wamewatoa watu katika migongo ya vilima vyao na kuwakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, ili wasipate nafasi ya kuwapelekea chakula wapiganaji waliokuwa msituni. Nyumba yetu ilichomwa asubuhi moja tukiitazama. Mama alitoka na sufuria, blanketi, kuku mmoja na mimi. Mafiga yake, yale mawe matatu ya kutegea chungu aliyopewa alipoolewa, yalibaki kwenye majivu.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Timau na alikuja nyumbani pale tu alipopewa kibali. Baba mdogo, ndugu yake, alikuwa kizuizini. Walimchukua wiki chache tu baada ya kuoa, na mke wake, Igoki, akaletwa kukaa nasi katika kibanda chetu kipya kilichonuka udongo mbichi. Igoki alitoka Runyenjes, huko Embu. Alikuwa mrefu, msichana bado, na Kiembu chake kilinifurahisha sana. Maneno yalikuwa yetu, lakini aliyavuta mahali ambapo sisi tuliyakata.

Mama na Igoki hawakujuana vizuri, na kwa hiyo walikuwa na adabu nyingi mno. "Keti wewe." "Hapana, keti wewe Mama Karimi." Mimi ndimi Karimi, na kwa adabu hizo mara nyingi kigoda nilikikalia mimi.

Adabu ziliisha siku ya mafiga.

Mama alileta mawe matatu kutoka mtoni, meusi, laini, mazito kiasi kwamba alipolitua la mwisho ardhi iliitika. Igoki aliyatazama akatikisa kichwa.

"Mama Karimi, haya yatatuletea shida. Pale handakini tunapochimba kuna mawe mazuri. Yale mekundu, yenye matundu."

"Yale?" Mama alisema. "Yale si mawe. Yale ni mkate. Nimeona mtoto akilibeba moja kichwani huku anakimbia. Jiwe ni uzito."

"Kwetu tunapikia hayo."

"Kwenu," Mama alijibu, na mjadala ukafungwa.

Tuliinjika njahi, yale maharage yetu meusi, alasiri hiyo, wanawake waliporudi kutoka kazi ya lazima ya kuchimba handaki. Njahi, kama unavyojua, hazina haraka, na moto ulikuwa mkubwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mboga. Kwanza ikaja harufu ile. Kisha figa moja likalia *pwaa*, mlio mkali uliopasua hewa, sufuria ikapinduka na njahi zikamwagika kwenye majivu. Kipande cheusi kikapita dirishani.

Kwa siku za kawaida tungezililia njahi. Lakini katika kijiji kile mlio kama huo ulikuwa na maana moja tu. Hatukuwa hata tumeinua sufuria pale homugadi, askari wa kijiji, walipojaa mlangoni wakiongozwa na mkubwa wao, M'Ikiara, mtu mnene mwenye koti la jeshi lililomfika magotini.

"Bunduki iko wapi?" aliuliza.

"Mzee, ni jiwe," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

Walichokora paa kwa fimbo. Walipindua majani ya kulalia. Mama aliokota kipande cha figa, bado cha moto, akakishika kwa upindo wa nguo na kumwonyesha. M'Ikiara alikitazama kwa dharau.

"Mawe hayalii. Nimezaliwa hapa, sijasikia jiwe likilia. Mtakwenda kambini mkaeleze huko."

Nilielewa neno kambini. Baba mdogo alikwenda kambini.

Hapo Igoki akasema, kwa Kiembu chake cha kuvuta, "Mzee, mawe mengine mawili haya hapa. Tia moja katikati ya moto, usubiri. Likinyamaza, tupeleke."

Mama alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake akivua nguo sokoni. Lakini M'Ikiara alipenda jambo hilo. Alisukuma jiwe kwa fimbo hadi katikati ya makaa, akavuta kigoda, akaketi. Tukangoja. Askari wake walisimama ukutani. Jiwe lilikaa kimya kabisa. M'Ikiara akaota moto mikono. Akauliza kama njahi zilikuwa na chumvi. Akapiga miayo. Mama alinivuta nyuma ya mgongo wake.

"Basi," M'Ikiara alisema akiinuka, "nadhani tumeona."

*Pwaa.*

Nilipochungulia, mkubwa wa homugadi alikuwa amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, koti limemfunika kama kuku aliyetegwa kwa kapu. Askari wake mmoja alikuwa nje tayari, na hakurudi. M'Ikiara akasimama polepole, akajipangusa jivu magotini, akaitafuta kofia yake, akaivaa.

"Nimethibitisha," alisema. "Ni jiwe." Na akiwa mlangoni akaongeza, bila kugeuka, "Kesho mtafute mengine."

Tulingoja hadi nyayo zao zikapotea. Kisha Igoki akaziba mdomo kwa mkono, na Mama akasema taratibu, kwa sauti nene, "Nimethibitisha," na wote wawili wakaangua kicheko. Mama alicheka hadi akashika nguzo. Tangu nyumba yetu ichomwe sikuwa nimemsikia akicheka.

Kesho yake Igoki alileta mawe yake mekundu. Nayakumbuka vizuri: makavu, ya kukwaruza, yamejaa vitundu kama povu la uji lililogandia pembeni mwa chungu. Tulipika juu yake siku baada ya siku na hayakupata hata ufa. Tena ukiyagusa kwa nje moto ukiwaka hayakukuunguza upesi. Miaka mingi baadaye, darasani, nilifundishwa kwamba mawe ya aina zote mbili yalitoka tumboni mwa mlima yakiwa moto mmoja. Jeusi lilitiririka likaganda likiwa limeshikana. Maji yakijificha katika nyufa zake hugeuka mvuke na kukosa njia. Jekundu liliganda huku hewa inachemka ndani yake, kwa hiyo lina milango kila mahali.

Usidhani lakini kwamba Igoki alishinda kila kitu. Sifa zilimpanda kichwani, akaamua jiwe lile lile litafaa kusagia wimbi. Alisaga asubuhi nzima huku akiimba. Tulipokunywa uji ule, meno yetu yalilia kama magurudumu kwenye kokoto. Mama alitafuna uji, jambo ambalo si la kawaida, akameza, akaweka kibuyu chini.

"Igoki," alisema, "leo umetupikia mlima."

Wakaenda mtoni pamoja wakarudi na jiwe jeusi bapa. Igoki aliligonga uso kwa jeusi jingine, alasiri nyingi, hadi likashika wimbi vizuri, na halikuacha hata chembe katika unga. Mapanga ya kijiji kizima yakaja kunolewa ubavuni mwake. Vipande vidogo vya mekundu tulisugulia visigino, na Jumapili Mama alitembea kwenda ibadani akitanguliza miguu watu waione.

Jambo moja lilinisumbua siku zile. Kwetu mwanamke hapiki kwenye mafiga ya mwenzake bila kumwomba, kwa maana mwenye mafiga ndiye mwenye nyumba. Siku yale mekundu yalipotegwa, Mama alisema, "Haya ni ya Igoki," na tangu hapo akawa anamwomba yeye, mdogo wake, ruhusa ya kuinjika hata maji. Nilimwonea Mama huruma. Nilifikiri ameshindwa na anatumikia adhabu.

Baba mdogo alirudi, mwembamba kama ufito, wakati vijiji bado havijavunjwa. Igoki alimwekea kigoda karibu na moto. Baba mdogo akazungusha macho kibandani, akauliza hii ni nyumba ya nani. Mama, aliyeikandika kwa mikono yake mwenyewe, alijibu kutoka mlangoni:

"Ni ya mke wako. Mimi na Karimi ni wageni wake."

Nilicheka, kwa sababu nilijua ni uongo. Baadaye sana, nikiwa nimeshaolewa mimi mwenyewe na nina mafiga yangu, Mama aliniambia kwamba juma lile la jiwe kulia Igoki alikuwa tayari amepata kibali cha kurudi kwa wazazi wake Runyenjes. Hakuna ambaye angemlaumu. Mumewe hakujulikana kama yu hai. Mama alitaka sana akae, na hakujua namna ya kumwomba, ila kumwomba ruhusa ya kuinjika maji.