Mtumbwi wa Baba Yake

Mpaka leo mtu akitamka neno "kusafisha" damu inanichemka. Fundi wa ofisi moja ya filamu mjini Kigali alilitamka kwa fahari siku aliponikabidhi flashi. Kanda tatu nilizompelekea azihamishie humo zimesafishwa, alisema. Kelele zimeondolewa, sauti ya Kichina imerudishwa kutoka nakala nzuri aliyoipata mtandaoni, na chini yamewekwa maandishi ya Kiswahili. Nikamuuliza kelele gani. Akanijibu kwamba kulikuwa na mtu anapiga domo juu ya filamu mwanzo hadi mwisho.

Mtu huyo ndiye niliyekuwa ninamtafiti!

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kuandika kuhusu filamu za karate na maana yake kwa watu wa Gisenyi, mji ambako wazazi wangu walirudi nami kutoka Tanzania. Hapa kwetu filamu ya Kichina haikutazamwa kimyakimya. Katika kibanda cha video, kando ya televisheni, alikaa mfasiri na kipaza sauti chake, akiwasemea wote, mwalimu, jambazi, bibi kizee, hata farasi. Kichina hakukijua hata neno moja, na hakuna aliyemdai akijue. Aliyewafasiria wavuvi enzi hizo sasa ni mzee anayeuza sambaza, vile visamaki vidogo, karibu na ziwa. Kanda zake, alizojirekodi kwa Kiswahili cha kwao, alizifunga ndani ya shati kuukuu, na alinipa baada ya miezi ya kunichunguza. Aliniambia, "Urudishe yote. Sauti yangu ya ujana iko mule."

Katika kanda moja shujaa anamkuta adui yake uwanjani. Mtoto yeyote anaona kwamba kijana huyo amekuja kulipiza kisasi cha baba aliyeuawa. Lakini mzee anamsemea hivi: "Ni weye uliiba mutumbwi ya baba yangu." Nilicheka, na kwenye daftari nikaandika: kosa la tafsiri. Naona haya kulisema, lakini niliandika hivyo.

Nilipomuuliza, hakucheka. Alinieleza kwamba ilikuwa miaka michache tu baada ya vita. Kwenye benchi moja alikaa mtu aliyezika nduguze, na ubavuni mwake mtu ambaye kaka yake alikuwa gerezani kwa sababu ya vifo hivyo hivyo. Wote walikuwa wamekuja kupumzika. Neno "umeua" hakuweza kulisema mle ndani, kwa hiyo akatafuta mtumbwi. Kila mtu alielewa, na hakuna aliyelazimika kumtazama jirani yake. Nililifuta lile "kosa" na kuandika sura nzima juu ya mtumbwi huo.

Sasa fundi ananiambia kanda zenyewe amezitupa, zilikuwa na ukungu. Nilimfokea mpaka watu wakatoka vyumbani. Bosi wake akaniletea fomu yenye sahihi yangu, na neno "kusafisha" lilikuwamo. Sikuwa nimeisoma. Wala sikuwa nimetoa nakala, maana Gisenyi nzima nilikosa mashine ya kunakili kanda. Hasira yangu nusu yake ni juu yangu mwenyewe, na nusu hiyo ndiyo inayouma zaidi. Bosi akaniomba nitulie, kwa kuwa wamemheshimu mzee wangu: wameweka jina lake mwishoni, kama mfasiri.

Nilimpelekea mzee kompyuta pale pale kwenye beseni lake la sambaza. Alitazama akingoja kusikia sauti yake. Shujaa akafika uwanjani, akafoka Kichina, na chini pakatokea maandishi: "Ulimuua baba yangu." Mzee aliyasoma polepole, midomo ikitembea. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, nao wakasoma. Akangoja mpaka mwisho, akaliona jina lake, akafunga kompyuta kwa mkono wenye harufu ya samaki.

"Mi sikusema vile," akaniambia. Kisha akawageukia wale wateja, akawaambia na wao.