Simu Nilizokataa Kupokea Nikiwa Mjamzito

Wengine huanza ushuhuda kwa wimbo. Mimi sauti sina, kwa hiyo nitaanza na kazi. Naitwa Wakesho, mzaliwa wa Bura, na ninaishi Voi. Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya watalii upande wa Ndara. Kabla ya mimba yangu ya kwanza sikuwahi kulazwa hospitalini, na nilikuwa na kiburi kidogo kwa sababu hiyo.

Mapato yangu yalikuwa na sehemu mbili: mshahara wenyewe, halafu posho ya zamu za usiku pamoja na bakshishi za wageni. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyonipa jeuri. Kwa kuitegemea nilikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama ninunue tangi kubwa la maji, maana anayekaa Voi anajua jinsi mfereji unavyokauka. Kikundi chetu hakishiki hati ya shamba. Mdhamini wako ni mwanachama mwenzako. Usipoleta rejesho Jumamosi, linakatwa kwenye akiba yake mbele ya wote. Mdhamini wangu alikuwa Mama Neema. Nje ya kikundi, Mama Neema ni muuguzi kwenye kliniki ya wajawazito ya hospitali, ile ile niliyokuwa nikienda. Hilo la mwisho ndilo lililokaribia kuniua.

Mimba ilipoingia tulifurahi, mimi na mume wangu Mwakio. Yeye huziba pancha Miasenyi, pale malori yanaposimama, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Miezi ya kwanza nilitapika mpaka nyongo. Meneja akanitoa zamu za usiku. Alifanya vizuri, lakini posho ilikatika na rejesho likabaki palepale. Nikatazama mbele kwenye likizo ya uzazi, nikaona miezi mitatu ya mshahara mtupu. Badala ya kwenda kusema kikundini, nilikopa kwenye simu nilipe kikundi, kisha nikakopa kwingine kwenye simu hiyo hiyo nilipe mkopo wa kwanza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata hiyo harusi sikuiona, kwa sababu pesa ziliingia asubuhi na kutoka kabla ya chai ya saa nne.

Nilipofika mwezi wa saba nilienda kliniki kama kawaida. Mama Neema alinipima presha, akakunja uso kidogo, akasema nirudi wiki inayofuata. Mkojo wa kupimwa niliuacha pale, majibu sikuyangoja. Nilikuwa nachelewa kazini. Jumamosi hiyo nikashindwa kupeleka rejesho, na mkutanoni sikwenda. Jirani akaniambia kwamba akiba ya Mama Neema imekatwa. Wiki iliyofuata ikakatwa tena.

Basi Mama Neema akaanza kupiga simu. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena jioni. Akatuma ujumbe: "Wakesho nipigie, ni muhimu." Niliusoma kwa jicho la mdaiwa, na mdaiwa akiambiwa ni muhimu haulizi muhimu gani. Nikaifungia namba yake. Kliniki nikaacha kabisa, kwa sababu ningemkuta amekaa pale mlangoni na mashine yake ya presha. Mwakio nilimwambia nimehamia kliniki ya Bura, niwe karibu na mama. Mama nilimwambia naendelea na ya Voi. Kila mmoja aliridhika.

Kichwa kikaanza kuuma, maumivu mazito ya mbele yasiyosikia dawa ya dukani. Miguu ikavimba mpaka viatu vya kazini vikakataa. Pete niliitoa kwa sabuni. Asubuhi niliamka na macho yamefura, na nikisimama ghafla naona vimulimuli vikipita mbele yangu. Kila dalili niliipa jibu moja: haya ni mawazo ya deni, nikilipa yataisha. Mwakio aliponiuliza kwa simu, nilisema ni joto.

Siku moja asubuhi mama alishuka kutoka Bura na gunia la mboga. Alisimama mlangoni akaniangalia.

"Huu uso ni wako?"

"Ni mimba tu, mama."

"Mimi nimebeba mimba sita. Huu si uso wa mimba. Kliniki wamesema nini?"

Nilikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, kama mtu anayenisukuma kwa ngumi kutoka ndani. Nakumbuka nikishika ukingo wa meza. Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilianguka, meno yakabana, mwili ukakakamaa kisha ukatikisika wote. Povu lilinitoka likiwa na damu kwa sababu niliuma ulimi. Nilijikojolea. Mama alinilaza kwa ubavu, akapiga mayowe, na jirani mwenye gari akatukimbiza hospitali ile ile.

Nilipopata fahamu daktari alikuwa ameniinamia.

"Presha imepanda mpaka umepata kifafa cha mimba," alisema. "Mtoto lazima atoke leo."

Ulimi ulikuwa mzito. Nikasema, "Miezi yake haijatimia."

"Najua. Tukingoja tunaweza kuwapoteza nyote wawili."

Nilichomwa dawa ya kuzuia kifafa. Ile dawa ina moto, unausikia ukipanda kutoka makalioni hadi usoni. Wakanipasua. Mtoto alikuwa msichana, mdogo kuliko mfuko wa unga wa kilo mbili. Nilionyeshwa miguu yake tu, kisha akapelekwa kwenye chumba cha joto. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa hivyo kabla, wala tena baadaye.

Kesho yake, nikiwa na mpira wa mkojo na mshono unaowaka, niliona Mama Neema akija na mashine yake. Nikafumba macho nijifanye nimelala. Akanifunga mkono, akasoma.

"Wakesho, mtu aliyelala presha yake hairuki hivi."

Nikafumbua. "Mama Neema, pesa yako..."

"Pesa gani? Kwani ulidhani nakupigia kwa nini?"

"Akiba yako. Imekatwa mara mbili."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mkojo wako ulikuwa na protini. Presha ilikuwa imeanza kupanda. Nilikwambia urudi, hukurudi. Nikapiga simu mpaka nikachoka. Nikatuma mtu kwenu, akaambiwa na mumeo umehamia kliniki ya Bura. Nikasema sawa, huko wanamwona." Akaifungua mashine kwenye mkono wangu. "Kumbe hakuna aliyekuwa anakuona."

Nilisikia aibu kuliko nilivyosikia mshono. Nililia, na kulia kunauma sana ukiwa umepasuliwa tumbo.

"Na pesa naidai," aliongeza, akikunja mashine. "Usifikiri nimesamehe. Lakini maiti hadaiwi."

Kupona kulikwenda polepole. Presha ilikataa kushuka kwa wiki kadhaa, nikawa mtu wa vidonge asubuhi na jioni. Uji niliunywa kwa mrija kwa sababu ya ulimi. Maziwa yalichelewa, yakaja kwa matone, nikayakamua kwenye kikombe mtoto alishwe. Wauguzi walinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, na hapo ndipo alipoanza kuongeza uzito. Mwakio alikuja kutoka Miasenyi na grisi bado iko kwenye kucha. Nilimweleza madeni yote, ya kikundi na ya simu. Alisema, "Ungeniambia." Halafu akaenda kununua nepi.

Tuliporudi nyumbani kikundi kilikuja kumwona mtoto. Walileta unga, sukari, sabuni na leso. Kwa desturi yetu deni halitajwi siku ya kumwona mtoto, ni utovu wa adabu. Nilijua wote wangekunywa chai, waombe, waende, na Jumamosi akiba ya Mama Neema ikatwe tena. Kwa hiyo nililitaja mimi. Mwenyekiti akasema, "Leo tumekuja kwa mtoto."

"Mtoto mmemwona," nikamwambia. "Sasa nisikilizeni."

Niliwaambia mshahara wangu wa likizo ni kiasi gani na ninadaiwa wapi. Ilichukua muda mfupi kuliko chai. Wakakubali rejesho lishuke nusu mpaka nirudi kazini, na kilichokatwa kwa Mama Neema kirudi kwanza. Siku zote zile nilidhani watanicheka. Aliyecheka ni mmoja tu, na yeye alikuwa na mikopo ya simu mitatu.

Ile mikopo ya simu niliimaliza kwa kuanza na mdogo, na sikukopa mwingine. Katika likizo niliuza maji ya tangi kwa mitungi, nikiwa nimekaa mlangoni na mtoto kifuani. Mwakio alitaka tukope tufanye sherehe ya shukrani. Nilikataa. Tulikula kimanga kwa mama, maharagwe na mihogo ya kupondwa, na ilitosha.

Namshukuru Mungu, mama yangu, daktari yule na wauguzi. Mtoto sasa anatembea na kuvuta kila kitambaa cha meza anachokifikia. Kwako uliye mjamzito na una deni, nasema hivi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na deni nalo ni vivyo hivyo. Kabla likizo haijaanza, waendee wanaokudai, uwaambie utapata kiasi gani. Kichwa kikiuma, miguu na uso vikivimba, au ukiona vimulimuli, usisingizie mawazo. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, hata kama anayepima unadaiwa naye.

Jumamosi niliyomaliza deni, Mama Neema alizihesabu pesa zake, akasimama akaomba kitu kiandikwe kwenye kanuni za kikundi: kwamba yeye asimdhamini tena mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba. Mwenyekiti akauliza kama ni kwa sababu hatulipi.

"Mnalipa," alisema. "Lakini nataka mkija kliniki muwe hamdaiwi nami chochote."

Wanachama walicheka. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka.