Nilivyozima Injini Kuokoa Barafu ya Wenyewe

Niliondoka Riyadh kwenda Jeddah kwa sababu moja tu: harusi ya binti yangu Wanjiru. Najua Jeddah si njia ya kwenda kwetu Limuru, Kenya, lakini tulieni niwaeleze. Likizo yangu hutiwa sahihi na kafili wangu, bosi ninayemwendeshea gari mwaka wa nne sasa. Alisema atatia sahihi nikishampeleka mgeni wake Jeddah na kumrudisha, mgeni akiridhika.

Mgeni mwenyewe aliitwa Daktari Signe, mama mpole kutoka kaskazini kabisa mwa dunia. Anachunguza jinsi barafu ya kwao inavyoyeyuka na jinsi watu wa huko watakavyozoea hali mpya. Alikuwa akienda kuhutubia mkutano. Kutoka kwao hadi Riyadh alipanda ndege tatu. Ya nne dhamiri ikamkataza, kwa hivyo twende kwa gari, kutwa nzima jangwani. Wasomi bwana.

Saa kumi na moja alfajiri nilimchukua hotelini, mtaa wa Al-Murabba, karibu na ninakolala. Kabla hatujatoka mjini alinipa sharti moja kwa adabu sana: tukisimama popote, nizime injini. Alisema moshi wa gari lililosimama bure ndio unaomaliza barafu yao. Nikasema sawa, madam. Ningekataa vipi? Wanjiru alishachagua gauni, na wa kumsindikiza madhabahuni ni mimi.

Saa sita mchana tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Daktari akaingia mgahawani kwenye ubaridi na kompyuta yake. Mimi nikabaki garini kulinda vifaa. Sheria ya hapa hairuhusu vibarua kufanya kazi juani saa hizo za kiangazi, na ni sheria nzuri, ila dereva hafanyi kazi, ameketi tu. Basi nikaketi. Usukani ulikuwa haushikiki. Kwa nusu saa ile niliokoa barafu nyingi mno.

Jioni, milimani Taif, upepo ulipoa, naye akaniuliza kama nimewahi kuona barafu. Nikamwambia kwetu kuna baridi ya alfajiri inayochoma majani ya chai yakawa meusi, na siku hizi inakuja miezi isiyo yake. Akaandika daftarini, akapiga mstari chini. Sasa Limuru imeingia kwenye sayansi, nishukuruni.

Jeddah nililala mtaa wa Al-Hindawiyah kwa Barasa, mlinzi, Mkenya mwenzangu kutoka Bungoma. Alinisongea ugali, akasikiliza habari za injini, akatikisa kichwa.

“Usifanye kazi vizuri sana, ndugu yangu,” akasema. “Hapa mtu akikupenda, umekwisha.”

Nikamwona mvivu tu.

Mkutano ulikuwa wa siku mbili. Ukumbini, nilisikia, wataalamu walijitanda mashali kwa baridi wakijadili joto. Mimi nilikuwa nje, injini imezimwa. Siku ya pili kichwa kilizunguka, nikatapika kando ya gurudumu, na askari wa getini akanimwagia maji shingoni. Aliniuliza kwa nini siwashi AC. Nikamwambia nina harusi. Akaniangalia kama mtu aliyeungua akili.

Tuliporudi Riyadh, Daktari alinipa sweta ya sufu aliyoifuma mama yake. Riyadh, mwezi wa sita. Nikashukuru kwa mikono miwili. Kisha akaingia ndani kuzungumza na bosi, nami nikasubiri uani, moyo mweupe, nikipanga zawadi za nyumbani.

Bosi akatoka akitabasamu.

“Kamau, daktari amekusifu sana. Anarudi mwezi ujao, wiki tatu, na anataka wewe, si mwingine.”

“Harusi ni mwezi ujao, bosi. Na likizo?”

“Baada ya hapo, inshallah. Halas, yameisha.”

Niliumia, jamani. Sina njia nyingine ya kulisema.

Sweta nimempa mwenzetu anayekuja huko nyumbani likizo, amfikishie kaka yangu Njoroge. Yeye ndiye atakayemsindikiza Wanjiru, na baridi ya Limuru mwezi wa saba si mchezo. Mnaotaka kujua nimejifunza nini safarini: Barasa si mvivu, na watu wa kaskazini wakihitaji mwalimu wa kuzoea hali mpya, niko hapa, sihitaji hata daftari.

Wanjiru akiingia kanisani, nitakuwa nimeegesha gari mahali, simu mkononi, nikimtazama. Siku hiyo injini siizimi.