Uzi Mwekundu wa Usukani

Kwa miaka thelathini Mama Grisi alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, kila alipotoka zamu, alifufua matrekta madogo ya bustani yaliyokwisha kutupwa. Mumewe alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kuguna. Alipofariki, hata mwaka haujaisha, shemeji yake aligundua ghafla kwamba banda lile ni la ukoo na kwamba grisi haimpendezi mjane.

"Shemeji, tusivutane," alimwambia mbele ya wazee wa familia. "Jumamosi saa sita hilo trekta lako bovu likitembea, banda ni lako. Lisipotembea, mtu wa vyuma chakavu atalibeba, nami niweke matofali yangu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba kazi ya mikono ya mwanamke ni kesi inayodai ushahidi.

Jumamosi, tangu saa tatu, alivuta kamba ya kuwashia. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Akafungua plagi: imelowa petroli chapachapa. Akaikausha, akapima cheche: ipo. Akavuta tena. Kimya. Kufikia saa tano viganja vilikuwa vimechunika.

"Mama Grisi, mgonjwa wako ameshakata roho," shemeji alimkejeli kutoka mlangoni. "Mfunike shuka."

"Ondoka kwenye mwanga wangu."

Kinywa cha kabureta, injini inapovutia hewa, hakukifungua, maana alijua hakina kitu. Kila alipokiziba kwa kitambaa ili vumbi na nyigu wasiingie, alifunga uzi mwekundu kwenye usukani. Mazoea ya hospitali, ambako kitambaa hakiruhusiwi kusahauliwa tumboni mwa mtu. Hakuna uzi, hakuna kitambaa. Aliutazama usukani mara tatu. Uling'aa, mtupu.

Saa sita gari la vyuma chakavu likaingia kinyumenyume, na wanaume wanne wakalipakia trekta. Mdogo wake wa kike, aliyeamka alfajiri kuling'arisha kwa nta, akaangua kilio.

"Na nilivyolipendezesha, dada! Hata kile kiuzi kichafu nilikikata..."

"Kiuzi gani?"

Hakungoja jibu. Alipanda nyuma ya gari na bisibisi, akafungua kifuniko cha chujio la hewa, akachomoa kitambaa kinywani mwa kabureta. Akavuta kamba kwa kiganja kilichochunika. Moshi, kisha ngurumo iliyotikisa gari zima.

"Saa sita na dakika tisa!" shemeji alipaza sauti. "Muda umekwisha!"

Dereva aliitazama damu iliyomchuruzika mama yule hadi kiwikoni. "Mimi nabeba vilivyokufa, mzee. Hiki kinapumua." Akaegemeza mbao mbili, akamsaidia kulishusha.

Mama Grisi aliliendesha uani, mbele ya wazee walioinamisha macho, hadi bandani. Shemeji alikuwa ameshatia kufuli jipya mlangoni. Akasimamisha trekta, pua yake ikigusa ubao wa mlango, akabaki kitini, injini ikinguruma. Hakuizima; angengoja ufunguo. Petroli iliyokuwa tangini ingetosha nusu saa.